Uzi maalumu: Sinia la vitafunwa la Krismasi na Mwaka Mpya kwa sisi wa Dodoma

Mama Sinia wa Ilazo

Wakuu, habari za majukumu. Desemba ndiyo hii, ndugu wa Dar wameshaanza kuulizia tiketi za treni, na kwenye magrupu ya akina mama kila mtu anarusha picha za mambao yaliyopangwa jibini, nyama baridi, chokoleti na zabibu. Mimi natengeneza vitafunwa vya sherehe hapa mjini, na mwezi huu swali ni lilelile: "Dada, unaweza kunipangia kama hili?" Kupanga naweza. Ila hilo la kwenye picha limekaa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na wageni wako watakaa chini ya mwarobaini kuanzia saa nane mchana, vumbi linapita, nzi nao wamealikwa.

Kwa hiyo naweka msimamo wangu hapa, mtanikosoa. Kinachopanda kwenye sinia la Dodoma ni kile ambacho baada ya kukaa mezani masaa mawili bado kitamu na bado salama. Vya moto na vya baridi havipandi, vinatoka jikoni kwa zamu, sahani ndogondogo, zikiisha zinakuja nyingine. Ukishakubali hilo tu, nusu ya zile picha umeshaziacha, na nafasi inabaki kwa vitu ambavyo sisi huku tumejaliwa: karanga, ubuyu, asali ya Manyoni, ufuta, mbegu za maboga, bagia za kunde, kashata.

Sinia lenyewe lisikuumize kichwa. Ubao wa mninga ukiwa nao sawa, lakini sinia la alumini la pilau, lile la kulia watu wanne, linatosha kabisa. Tandika karatasi ya kuokea, au jani la mgomba ulilolipitisha juu ya moto likalainika ili lisipasuke. Ungo mpya unapendeza kuliko vyote, uoshe na uukaushe jua moja kabla.

Kupanga: anza na vibakuli vya vitu vya majimaji (chatini ya ukwaju, pilipili ya kusaga, asali), viwili au vitatu, visikae pamoja. Halafu vitu vikubwa: visheti, kashata, biskuti za ufuta. Kisha kripsi za mihogo na bisi kwa mafungu. Mwisho ndipo unaziba mapengo kwa karanga, korosho kama mfuko unaruhusu, ubuyu na zabibu kavu. Ukianza na karanga utaishia kuzikanyagia vitu vingine juu.

Na karanga nazungumzia za mayai, siyo zile za kukaanga tu. Nusu kilo ya karanga mbichi, mayai mawili, sukari vijiko vinne vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, unga wa ngano kama robo kilo. Piga mayai na sukari mpaka sukari iyeyuke, mimina karanga, geuza zilowe zote. Sasa nyunyiza unga kidogokidogo huku unatikisa beseni, usikoroge kwa mwiko, tikisa. Kila karanga itavaa na kuachana na mwenzake. Chekecha unga uliobaki usije ukaungulia kwenye mafuta. Moto wa wastani, na sikiliza: mwanzoni zinakaanga kimyakimya, zikikaribia zinaanza kugonga karai kwa sauti kavu. Hapo toa, hata kama rangi bado hujairidhia, maana zikiwa nje bado zinaendelea kuiva zenyewe.

Karibuni tuchangie.

Dogo wa Iyumbu

Siti ya mbele kabisa. Sisi tumebaki geto, hatuendi nyumbani sikukuu hii, tupo wanane na bajeti ya boom (posho ya mkopo wa chuo) lililokwisha. Sinia la wanyonge linakuwaje? Na hiyo jibini ni lazima?

Mama Sinia wa Ilazo

Jibini siyo lazima mdogo wangu, wala chokoleti. Nyie wanane fanyeni hivi: karanga nusu kilo, bisi (mahindi ya bisi robo kilo yanajaza ndoo ndogo), mihogo ya kukaanga, mayai ya kuchemsha manane mnayakata nusu na kunyunyiza chumvi na pilipili manga, tikiti moja. Chatini ya ukwaju pikeni wenyewe, ukwaju huku ni bei ya kutupa. Mayai yatoke mwisho, yasikae nje mchana kutwa.

Mjukuu wa Mtemi

Mbukwenyi.

Dada, uzi mzuri, lakini nikuulize kwa heshima. Mgogo umemwalika Krismasi, kaja na mkewe na mashemeji, amekaa, unamletea bisi. Atakuuliza mbuzi kafungwa wapi. Hayo mambo ya kudonoadonoa ni ya watu wa ofisini pale Mtumba, mji wa serikali.

Mama Sinia wa Ilazo

😂 Mbukwa kaka. Mbuzi yupo, hajatoroka. Tatizo ni saa. Wageni umewaambia saa saba, wanafika saa nane, mbuzi kachinjwa asubuhi lakini mchomaji kachelewa, nyama inaiva saa kumi. Hayo masaa mawili ndiyo watoto wanalia, wazee wanaangalia simu, na bia zinashuka kwenye matumbo matupu. Sinia ni la hapo.

Na ndiyo maana hesabu inatofautiana. Kama mlo mkubwa unafuata, vipande vitano hadi sita kwa mtu vinatosha (sambusa, bagia, kababu, vya aina hiyo). Kama sinia ndilo mlo wenyewe, piga kumi hadi kumi na mbili. Watu ishirini wanaosubiri mbuzi: vipande 120, si zaidi. Karanga na vikavu weka gramu 30 kwa kichwa, yaani kwa ishirini ni kilo nusu na ziada kidogo. Watu wanazidisha karanga halafu nyama ikija hakuna mwenye nafasi.

Mjukuu wa Mtemi

Hapo nimekuelewa. Ila uniwekee njugu mawe.

Mama Sinia wa Ilazo

Zipo. Loweka usiku kucha, chemsha na chumvi mpaka ganda lilegee, chuja. Zikae kwenye bakuli lao, zina maji, zisiguse bisi.

Mkulima Mpunguzi

Naomba niingie kwa upande wa zabibu maana naona zitakuja tu. Kila Desemba napigiwa simu na watu wa mjini: "Mzee, tunataka zabibu za Krismasi, kilo kumi." Zabibu za Dodoma tunavuna misimu miwili. Mmoja ni Agosti na Septemba, mwingine ni Februari, Machi, inaingia mpaka Aprili kwa wengine. Desemba mizabibu mingi iko kwenye majani na vichala vichanga. Unaweza kubahatisha shamba moja lililokatiwa matawi kwa ratiba yake, lakini usipange sherehe kwa kubahatisha.

Hizo unazoziona supamaketi mwezi huu, kubwa, hazina mbegu, zimefungwa kwenye boksi la plastiki, hizo zimetoka Afrika Kusini. Siyo mbaya. Ila usimwambie mgeni kuwa ni za Hombolo.

Na hata msimu ukiwepo, jueni tofauti. Makutupora nyekundu, ambayo ndiyo imejaa mashambani kwetu, ni zabibu ya mvinyo: tunda dogo, ganda gumu, mbegu ndani. Ukiiweka kwenye sinia watu watatema mbegu kwenye sahani na kwenye majani ya mgomba ya dada hapo juu. Za mezani ni nyingine, ulizia hivyo hivyo, "za mezani".

Kwa Desemba chukueni zabibu kavu. Siku hizi wapo wanaokausha hapahapa. Ukizipata, zioshe kwa maji ya uvuguvugu, zifute, zianike kwenye kitambaa masaa machache. Zinarudi laini.

Mama Sinia wa Ilazo

Mzee shikamoo, na ahsante. Hili la kuoshwa na kufutwa watu hulipuuza halafu wanalalamikia mchanga.

Matunda ya Desemba basi: maembe ndiyo msimu wake, nanasi za Kiwangwa zinafika, tikiti lipo. Embe likatwe nyama nene na liingie mezani dakika ya mwisho. Ndizi na tufaha zinakuwa nyeusi zikikatwa, zipake ndimu au ziache kabisa. Mimi naziacha.

Dada wa Maabara

Samahani kwa kuingiza habari ya hospitali kwenye sikukuu, lakini uzi umejaa karanga na hakuna aliyetaja sumukuvu.

Mwaka 2016 mikoa yetu hii, Dodoma na Manyara, ilipata mlipuko wa sumukuvu na watu walipoteza maisha. Ule ulihusishwa zaidi na mahindi, lakini karanga ziko kwenye kundi hilohilo: ukungu unaotengeneza hiyo sumu unapenda nafaka na mbegu zilizopigwa na ukame shambani kisha zikahifadhiwa na unyevu. Na watu hawajui kwamba kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Sumu inabaki, ini ndilo linaloumia.

Kwa hiyo kabla ya beseni la mayai na sukari, mwaga karanga zote kwenye sinia jeupe na uchambue ukiwa na mwanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye vumbi la kijani au la manjano, iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika na kuota ukungu kwenye jeraha, tupa. Usimpe kuku. Usisage ukasema utafanyia mboga. Onja moja mbichi, ikiwa chungu rudi kwa muuzaji. Nunua zilizomenywa karibuni, na ukifika nyumbani zisikae kwenye mfuko uliofungwa kwenye joto la jikoni.

Mzee wa Kibaigwa

Namuunga mkono daktari. Sisi tunaouza mazao tunajua ujanja wa kunyunyizia maji ili gunia liwe zito. Ukitia mkono katikati ya gunia ukasikia ubaridi, ondoka.

Dada wa Maabara

Mzee, mimi si daktari, ila mkono wako kwenye gunia ni kipimo kizuri kuliko vingi.

Bi Nkuhungu

Mimi nataka kuuliza sambusa. Kila mwaka nakaanga asubuhi, naweka kwenye hotpoti ili zikae za moto, saa nane nafungua zimelegea zote zimejikunja. Shida ni manda au ni mafuta?

Mama Sinia wa Ilazo

Shida ni hotpoti, mama. Sambusa ikitoka kwenye mafuta inatoa mvuke. Ukiifungia, mvuke hauna pa kwenda, unarudi kwenye ganda. Hotpoti ni ya chapati na wali.

Tuanze mwanzo. Nyama ya kusaga ipike na tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu mpaka maji yakauke kabisa, ukiinamisha sufuria hakuna kinachotiririka. Zima moto ndipo uweke vitunguu vilivyokatwa vidogo na pilipili hoho, joto la nyama litavitosha. Halafu acha ipoe. Ipoe kweli, uweke mkono. Nyama ya uvuguvugu ikifungwa kwenye manda inatoa jasho humohumo na ganda linaanza kulainika kabla halijafika kwenye karai.

Mafuta moto wa wastani. Yakiwa makali manda inaiva nje, ndani bado mbichi, na baada ya dakika kumi inalegea. Mafuta ya alizeti ya kukamua mtaani ni mazuri, ila yapashe taratibu kwanza, ukiyakimbiza yanatoa povu hadi yanamwagika kwenye jiko. Ukitoa, zisimamishe kwenye chujio au wavu, ncha juu, zisilaliane. Tishu chini sawa, lakini zisizikwe kwenye tishu.

Na usikaange zote asubuhi. Funga zote jana yake, weka kwenye friji, kaanga ishirini ishirini kila nusu saa wageni wakiwa wamekaa. Mtu mmoja anabaki jikoni, mnapokezana. Hiyo ndiyo zamu niliyoisema kwenye posti ya kwanza.

Bi Nkuhungu

Kumbe. Hotpoti nilipewa kwenye kitchen pati na ndiyo iliyoniharibia.

Abuu Chang'ombe

Assalaam alaykum na habari za jioni kwa wote. Hapa kwetu Krismasi tunaalikwa na majirani, na Idi wanakuja kwetu, ndivyo tulivyokulia. Nina mambo machache ya kuwasaidia wenyeji wetu wasihangaike.

Nyama ichinjwe inavyostahili, hilo wengi wanalijua, nunua kwenye bucha unayoiamini na kama ukiulizwa uweze kujibu. Linalosahauliwa ni soseji na zile nyama baridi za pakiti. Soma kifurushi, nyingine zina nguruwe japo jina halisemi. Na kama una kitu cha nguruwe nyumbani siyo kesi, ni nyumba yako, ila kiwe na sahani yake, koleo lake na karai lake. Ukikaanga soseji ile kwenye mafuta yaleyale ya sambusa, jirani yako hawezi kula sambusa. Pia mishikaki iliyolowekwa kwenye mvinyo, hapana.

Mishikaki tumieni papai bichi la kukwangua, kijiko kimoja kwa kilo kinatosha, masaa mawili. Ukilaza usiku kucha nyama inakuwa uji. Vijiti viloweke kwenye maji nusu saa visiungue.

Mama Sinia wa Ilazo

Wa alaykum salaam Abuu. Mimi kwa watu mchanganyiko sipandishi nyama ya nguruwe kabisa, ninapunguza maswali. Na mvinyo unakaa meza yake, na mwenye kunywa anajua njia.

Mpenda Chupa Area C

Kwenye hiyo meza nitakuwepo. Mvinyo mweupe, Chenin Blanc kavu ya Dodoma, baridi, na karanga za chumvi. Makutupora nyekundu na mishikaki. Nimemaliza mchango wangu.

Shemeji wa Tabata

Nimeona nimetajwa huko juu, "ndugu wa Dar". Tunakuja na treni ya umeme, tangu ianze kufika Dodoma Julai 2024 hatuna tena kisingizio cha barabara. Nakuja na kaimati, visheti, na ubuyu wa Zanzibar, maana ubuyu wenu wa Dodoma mnausaga tu kuwa unga, hamjui kuupamba.

Mjukuu wa Mtemi

Shemeji, huo ubuyu wa Zanzibar mbegu yake nyingi inapanda meli kutoka huku. Mnatuuzia mali yetu mkiwa mmeipaka rangi.

Shemeji wa Tabata

Rangi na iliki na ufundi. Ufundi haupandi meli.

Mama Sinia wa Ilazo

Msigombane, mimi naupika hapahapa Ilazo na watu wa pwani wanaulamba vidole.

Kilo moja ya ubuyu wa mbegu, ule mweupe uliokauka vizuri. Sukari nusu kilo, maji vikombe viwili, iliki kijiko cha chai iliyosagwa, chumvi ya kuonja, pilipili ya unga unavyoweza, vanila, rangi ya chakula kama unataka (mimi naweka nyekundu kidogo mno). Chemsha maji na sukari mpaka inate: gusa tone kati ya kidole na gumba, ukivitenganisha uone uzi. Punguza moto, tia viungo, mimina ubuyu wote kwa pamoja na ugeuze haraka. Mwanzoni utadhani shira haitoshi. Usiongeze maji. Unga mweupe ulio kwenye mbegu unalowa polepole, baada ya dakika kadhaa zote zimevaa. Mwaga kwenye sinia, tawanya, acha kivulini mpaka kesho yake. Kwenye joto letu unakauka vizuri kuliko Dar, ambako unyevu unaufanya unate mikononi. Hilo shemeji hawezi kubisha.

Visheti leta shemeji, vikavu, vinasafiri. Kaimati ukizitia shira huko zitafika zimekuwa uji. Leta kavu, shira tutapikia hapa.

Shemeji wa Tabata

Sawa mama. Visheti kilo mbili.

Mama Pacha

Mimi nina watoto wawili wa mwaka na nusu na wanakimbilia kila kilicho chini ya kiuno cha mtu mzima. Naomba niseme kwa niaba yao: sinia lisikae kwenye meza ya kahawa. Karanga nzima, korosho, bisi na mbegu za ubuyu zinakaba watoto wadogo, wa chini ya miaka minne au mitano usimwachie peke yake navyo. Zabibu mbichi, kama mtazipata, zikatwe kwa urefu vipande vinne. Zikikatwa kwa upana bado zinaziba koo.

Na asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka, hata ya kulamba kidole, hata kama bibi anasema sisi wote tulilambishwa.

Dada wa Maabara

Sahihi kabisa. Niongeze mzio: wapo watu wanavimba wakigusa karanga. Mkialika, ulizeni kwenye ujumbe wa mwaliko, na vikavu vya karanga viwe upande mmoja wa sinia, siyo vimemwagwa kila pengo.

Mama Sinia wa Ilazo

Hapo umenibadilishia mpangilio dada. Sawa, kuanzia leo mapengo nitaziba kwa zabibu kavu, mbegu za maboga na vipande vya kashata ya ufuta, karanga zinapata kibakuli chenye kijiko chake.

Kwa watoto huwa naweka sinia lao dogo chini, kabisa peke yake: vijiti vya tikiti, maembe, biskuti za ufuta, chapati iliyokunjwa na kukatwa vipande. Wanaacha la wakubwa.

Karani wa Ihumwa

Wakuu mbona jibini mnaikwepa? Njombe wanatengeneza jibini nzuri tu. Mimi nilikwenda kwenye sherehe moja mwaka jana, mwenyeji kaweka ubao mkubwa wa jibini na nyama baridi tangu saa sita, tumefika saa tisa, jibini inatoa mafuta, mayonesi imebadilika rangi ukingoni. Watu wanapiga picha, hakuna anayekula. Lakini kosa siyo jibini, kosa ni muda.

Mama Sinia wa Ilazo

Ndiyo, na ndiyo maana nikasema zamu. Jibini ngumu, siyo laini, kata vipande vidogo, toa kiasi cha kuliwa nusu saa, kingine kibaki kwenye friji. Kanuni ya jumla kwa kila kilichopikwa au cha maziwa: masaa mawili nje, basi. Joto likivuka nyuzi 32 iwe saa moja. Desemba yetu inacheza karibu na hapo, Novemba ndiyo kabisa. Mayonesi mimi siweki nje. Chatini ya ukwaju ina uchachu wake na sukari, inavumilia, na inaenda na bagia na kababu vizuri kuliko hiyo mayonesi.

Ukitaka kitu cha baridi mezani, beseni la barafu chini, bakuli juu. Barafu ya kununua hiyo iwe ya kupozea tu kama hujui maji yake yametoka wapi, usiitie kwenye juisi. Juisi ya ubuyu na ya rozela zigandishe kidogo kwenye chupa usiku, mchana zinatoka zikiwa nusu barafu, hazihitaji kuongezwa kitu.

Bi Nkuhungu

Na umeme ukikatika?

Mama Sinia wa Ilazo

Friji ikifungwa tu bila kufunguliwafunguliwa inahifadhi ubaridi masaa manne hivi. Mnyime kila mtu ufunguo wa jikoni isipokuwa wa zamu.

Mjukuu wa Mtemi

Mmesahau kitu kimoja cha Dodoma halisi. Mvua za kwanza zikinyesha, jioni yake kumbikumbi. Umewasha taa ya nje, sinia liko chini yake, dakika tano huoni karanga, unaona mabawa.

Mama Sinia wa Ilazo

Kaka umeniwahi. Taa ya nje iwekwe mbali na meza, upande wa pili wa uwanja, waende huko. Na mchana kwa ajili ya nzi tumia kawa. Akina bibi zetu walikuwa nazo za ukili, bado zinauzwa sokoni, pale Majengo nimeziona. Kawa inafunika na hewa inapita, kwa hiyo bagia hazitoi jasho kama ukifunika kwa foili. Ile neti ya kukunja kama mwavuli nayo ni sawa, ila upepo wa Dodoma unaibeba, iwekee mawe.

Mjukuu wa Mtemi

Kumbikumbi mbona wanakaangwa na chumvi. Wape kibakuli chao.

Mama Sinia wa Ilazo

Ukileta waliochambuliwa mabawa nawapangia mwenyewe.

Dogo wa Iyumbu

Mama, bagia za kunde bado hujatueleza. Kunde ni rahisi kwetu.

Mama Sinia wa Ilazo

Kunde nusu kilo, loweka masaa sita au usiku. Fikicha kwa mikono, maganda yanaelea, mwaga, rudia mpaka yaishe mengi. Saga bila maji mengi, hapa ndipo watu wanapoharibu: rojo likiwa jepesi linakunywa mafuta. Liwe zito la kushikika na kijiko. Kisha lipige kwa mwiko dakika tano upande mmoja mpaka litune kwa hewa, tia kitunguu, kitunguu saumu, giligilani, pilipili, chumvi ya mwisho kabisa. Dondosha vijiko vidogo kwenye mafuta ya wastani. Hazihitaji hamira wala baking pauda. Hizi zikipoa bado zinalika, ndiyo maana ninazipandisha sinia, tofauti na sambusa.

Bi Nkuhungu

La mwisho kutoka kwangu nisiwachoshe. Sambusa naweza kuzifunga wiki moja kabla nikaweka friza? Na nikitaka kukaanga niziyeyushe kwanza?

Mama Sinia wa Ilazo

Unaweza. Zipange kwenye trei zisigusane, zigande kwanza hivyohivyo masaa machache, ndipo uzitie kwenye mfuko wa friza na kufunga. Ukizitia mfukoni zikiwa laini zitagandana zote. Siku ya kukaanga usiziyeyushe, manda italowa na kupasuka. Toa kwenye friza moja kwa moja mpaka kwenye mafuta, moto wa wastani wa chini kidogo kuliko wa kawaida, chache chache ili mafuta yasipoe, na uongeze dakika mbili au tatu. Kata moja katikati uone nyama ndani ni ya moto kabisa kabla ya kutoa sahani ya kwanza.